Hofu ya Kumeza

Katika miaka yetu yote ya utu uzima niliyokula pamoja na dada yangu Wakesho, sikugundua kwamba sijawahi kumwona akimeza. Ninasema "kula pamoja" kwa sababu ndivyo nilivyodhani. Tulikuwa katika nyumba moja, sahani zikipita, yeye akiwa katikati yetu akizungumza na kucheka, nami nikachukulia kwamba kuwapo kwake ni kula kwake.

Kwetu Mbololo, nyumba inapojaa watu, lazima apatikane mtu wa kugawa chakula. Hupewa kazi hiyo mwanamke mwenye mkono thabiti, asiyempendelea ndugu yake, anayejua nani ameongezewa na nani bado hajapata. Mgawaji hana sahani yake. Hudhaniwa kwamba atakula baadaye jikoni, au kwamba amekwisha kuonja vya kutosha. Wakesho aliichukua kazi hiyo tangu matanga ya baba yetu, akawa nayo mama alipomfuata baba, akawa nayo kila Krismasi na kila harusi ya binamu, na hakuna aliyefikiria kumpokonya. Shangazi Mghoi, dada wa marehemu baba, ndiye pekee aliyemchokoza.

"We Wakesho, wewe hula saa ngapi? Ama hushiba moshi?"

"Nimeonja jikoni, Shangazi."

"Kuonja gani huko kusikoleta nyama mwilini? Hebu muone mikono! Kuku wangu wana mapaja kumshinda."

Watu walicheka. Wakesho naye alicheka, akamwekea Shangazi mnofu wa ziada ili kumnyamazisha, na mazungumzo yakaelekea kwingine.

Mimi hufundisha historia katika chuo kikuu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwazoeza vijana kuuliza ni nini ambacho simulizi imekiacha nje. Sikuuliza swali hilo nyumbani. Wakesho alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Voi, akiishi katika nyumba ya kupanga mtaani Kaloleni. Kila muhula alijitolea kwa zamu ya mchana, ile ya kuwaangalia watoto uwanjani wakati walimu wenzake wanakula, na mwalimu mkuu alimsifu kwa hilo mbele ya wazazi. Kanisani, ilipofika saa ya Meza ya Bwana, yeye alikuwa nje na watoto wa shule ya Jumapili. Wapo waumini walionong'ona kwamba huenda ana dhambi anayoificha. Nilizisikia habari hizo na kuzipuuza, nikijiambia kwamba mimi ndiye nimjuaye dada yangu.

Mwaka jana alitujulisha kuhusu Harrison, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Mwatate, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Walikuwa wamefahamiana kwa muda mrefu. Shangazi alimpenda siku ile ile alipomwona, hasa baada ya Harrison kumkagua mbuzi wake aliyevimba tumbo bila kuombwa. Kilichobaki kilikuwa safari yetu ya kwenda Ronge kuiona nyumba atakayoingia Wakesho na kukaa na mama mkwe wake mtarajiwa, Mama Rachel. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufariki, kwa hiyo mimi nilisimama mahali pa baba na Shangazi mahali pa mama.

Tulienda Jumamosi moja mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imeanza. Nyumba ya Mama Rachel iko kwenye mteremko, juu ya matuta ya mahindi na mboga, na nyuma yake kuna migomba. Tulipokewa vizuri. Alikuwapo Harrison, alikuwapo pia mzee Mwandawiro, kaka wa marehemu baba yake Harrison, mtu wa maneno mengi ambaye tangu salamu ya kwanza alianza kuniita Profesa kwa namna ya kunipima.

"Profesa, huko chuoni mnafundisha watoto kulima?"

"Hapana, Mzee. Nafundisha habari za waliolima zamani."

"Aa! Basi wewe huchafuki."

Chakula kilipoletwa, Wakesho aliinuka mara moja na kushika mwiko. Mama Rachel akamgusa bega.

"Keti, mwanangu. Leo hapa hugawi wewe. Leo nakupakulia mimi kwa mkono wangu. Ukishaingia utagawa mpaka uchoke."

Wote tuliona kuwa ni neno la upendo, na lilikuwa neno la upendo. Chakula kilikuwa kimanga, muhogo na maharagwe vilivyopondwa pamoja mpaka vikashikana, pamoja na kuku na mboga. Mama Rachel alijaza sahani, akaiweka katika mikono ya Wakesho, kisha akaketi mbele yake na kusubiri, kama afanyavyo mwenyeji anayetaka kujua kama chumvi imetosha.

Wakesho alimega tonge dogo, akalitia kinywani, akalitafuna. Akaendelea kulitafuna. Mimi nilikuwa nikimjibu mzee Mwandawiro swali fulani kuhusu mashamba, na jicho langu likavutwa na mkono wa dada yangu, uliokuwa umepanda kooni na kubaki pale. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alimtazama Mama Rachel, akatikisa kichwa kana kwamba anasifu chakula, akaweka sahani chini na kutoka nje kwa hatua za mtu asiyetaka kuonekana ana haraka.

Mama Rachel alingoja kidogo, kisha akachukua jagi akatoka kwenda kuteka maji kwenye tangi nyuma ya nyumba. Aliporudi, jagi lilikuwa tupu.

"Mwalimu," aliniambia, akiwa bado amesimama. "Dada yako ametema chakula changu kwenye migomba."

Msomaji wa mbali anaweza kudhani kwamba aibu iliyotupata ilikuwa ya adabu tu. Ilikuwa kubwa zaidi. Katika vilima vyetu, mtu anayekitema chakula cha mwenyeji huwa amesema, bila kufungua mdomo, kwamba chungu cha nyumba hiyo kina kitu ndani yake. Anamwita mwenye nyumba mchawi.

Shangazi Mghoi alikurupuka. "Ana vidonda vya tumbo huyu mtoto! Tangu zamani! Ni sisi tulisahau kuwaambia."

"Mwenye vidonda vya tumbo humeza, halafu ndiyo aumwe," mzee Mwandawiro alisema. "Huyu hajameza."

"Mzee, wewe ni daktari?"

"Daktari ni huyu," akamwonyesha Harrison. "Na yeye yuko kimya."

Harrison hakumtazama mzee. Alikuwa akimtazama mama yake. Baadaye ndipo nilipoelewa sababu. Baba yake alipofariki ghafla, Harrison akiwa bado shuleni, maneno yalizuka kijijini kwamba mjane anajua kilichomuua mumewe. Kwa muda mrefu majirani waliokuja kumwona walikataa hata chai. Walisema wameshiba, wamefunga, wana haraka. Mama Rachel alipika sufuria za chai na kuzimwaga. Alisubiri miaka kabla ya watu kurudi kula kwake, na sasa mkwe wake mtarajiwa alikuwa ameinama kwenye migomba yake.

Wakesho aliporudi ndani, macho yakiwa mekundu, alikuta tumekwisha kusimama. Tuliaga. Mama Rachel alitushika mikono mmoja mmoja, na alipofika kwa Wakesho alimshika pia, ila hakumtazama.

Njiani kuteremka Mwatate Shangazi alilalamika mpaka alipochoka. Wakesho aliketi nyuma akiegemea kioo. Nilimfikisha Shangazi kwa rafiki yake mjini, kisha nikampeleka dada yangu Kaloleni. Nilikuwa na hasira. Nilitaka maelezo, na nilikuwa nimeyapanga maswali yangu kama mtu anayesahihisha insha mbaya.

Aliniomba nimngoje sebuleni huku akienda kunawa uso. Nilikuwa na kiu, nikaingia jikoni kutafuta glasi. Nilikuwa nimefika nyumba ile mara nyingi, ila jikoni hapo sikuwahi kuingia. Chai ililetwa ikiwa tayari. Juu ya meza kulikuwa na mashine ya kusaga vyakula, machujio mawili, chupa ya uji, maziwa ya mtindi. Hapakuwa na mkate, wala mchele, wala kitu chochote ambacho kinahitaji meno. Nilisimama pale nikitazama vitu vile, na maswali yangu yote yaliyopangwa vizuri yakakosa maana.

"Umeona," Wakesho alisema. Alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi.

"Unaumwa nini?"

"Siumwi. Ndiyo shida yenyewe, Kaka. Siumwi."

Aliketi kwenye kigoda, akaanza kunieleza bila kunitazama. Akiwa kidato cha pili, katika shule ya bweni, punje za mahindi zilimkwama kooni wakati wa chakula cha jioni. Alishindwa kupumua. Msichana wa meza ya pili alimpiga mgongoni zikatoka. Wenzake walicheka kwa woga, mwalimu wa zamu akamwambia apunguze uroho, na mambo yakaisha. Kwake hayakuisha. Kesho yake alipotia tonge kinywani, koo lilijifunga. Tangu siku hiyo kila tonge huja na wazo moja, kwamba hili ndilo litakalobaki.

"Lakini unajua halitabaki," nilisema.

"Najua. Nilienda hospitali Mombasa wakaniingiza mpira wenye taa, wakatazama mpaka chini. Wakasema koo ni zima kabisa. Unajua nilifanya nini nikitoka pale? Nilinunua andazi. Nikakaa kwenye benchi nalo. Nikarudi nalo Voi." Alicheka kidogo. "Kujua hakunisaidii kitu, Kaka. Mimi najua kuliko wote."

Aliniambia jinsi siku zake zinavyokwenda. Akiwa peke yake, mlango umefungwa na maji karibu, huweza kula ndizi iliyopondwa au wali uliolegea sana, taratibu, akisimama pale hofu inapopanda na kuanza tena inaposhuka. Mbele ya watu hawezi. Macho ya mtu humfunga koo kabla ya chakula. Kwa hiyo maisha yake yote aliyapanga kuikwepa meza. Alikataa nafasi ya kwenda mafunzo ya walimu wakuu kwa sababu yalikuwa ya bweni. Hualikwa, na tangu siku ya mwaliko mpaka siku yenyewe hapati usingizi wa maana. Zipo asubuhi ambazo huamka na kubaki kitandani akikosa sababu ya kuinuka, na akisha kufika shuleni hutabasamu kutwa nzima, jambo linalomchosha kuliko kufundisha.

"Harrison anajua?"

"Anajua sipendi hoteli. Anadhani nabana matumizi. Anafurahi sana." Safari hii tulicheka wote wawili, kisha akalia.

Alipotulia nilimuuliza alichokuwa akikitaka. Hilo lilikuwa swali langu la kwanza la kweli siku ile.

"Namtaka Harrison," alisema. "Na sitaki mama yake afikiri kwamba niliogopa mkono wake. Yule mama hajanikosea kitu."

Wiki mbili zilipita. Harrison alinipigia simu jioni moja. "Kaka, Mama amenyamaza," alisema. "Angepiga kelele ningejua la kufanya. Anapika, anaenda shamba, anaenda kanisani, na hasemi neno juu ya Wakesho. Nikimtaja anatoka chumbani."

Nililielewa jambo lililomtia hofu. Watu wetu, Wadawida wa zamani, waliamini, na wengi wa leo bado wanaamini ingawa hawalisemi wazi, kwamba hasira ya mzazi iliyofungwa moyoni haikai bure. Hutoka yenyewe na kumdhuru mtoto, hata kama mzazi mwenyewe hapendi. Ndiyo maana mtu aliyekosewa hatakiwi tu kusamehe kwa mdomo. Anatakiwa kuitoa hasira hadharani. Desturi hiyo huitwa kutasa. Mwenye hasira huchota kinywaji mdomoni, hukipuliza nje kwa nguvu mbele ya watu, na kati ya funda moja na lingine husema kilichomuudhi na kutamka kwamba kimetoka.

Siku chache baadaye Mama Rachel mwenyewe ndiye aliyetuita. Alituma ujumbe kwa kinywa cha Harrison: yeye ni mzee wa kanisa, na anajua kwamba kasisi hatapenda, lakini hawezi kusimama madhabahuni na kuwabariki watoto hali moyo wake una moto. Hataki hasira yake iwafuate. Twende, aitoe, kisha ndipo izungumzwe kama kuna harusi au hakuna.

Nilikwenda Kaloleni kumwambia Wakesho. Nilipofika kwenye habari ya kinywaji, uso wake ulibadilika.

"Nitapewa kitu mdomoni? Mbele yao?"

"Anayefanya ni yeye. Hata ukipewa, hakimezwi. Kinatemwa."

"Kinatemwa?"

"Ndiyo maana yake. Ukikimeza umeharibu."

"Kaka," alisema polepole, "yaani kumbe miaka hii yote tulikuwa na mila ya kutema, na mimi nikaenda kutema kwenye migomba?" Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akauliza atasema nini. Nilikuwa nimemwandalia maelezo, yenye majina ya kitabibu na mifano ya watu wengine. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima.

"Ni mazuri," alisema. "Lakini nikisema hivyo watadhani nimejifunza kwa ajili yao. Nitasema nilivyokwambia wewe."

Tulirudi Ronge asubuhi ya Jumamosi, watu wale wale. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka kwenye vilima. Mama Rachel alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, akiwa na kibuyu cha maji ya miwa. Wazee wa zamani wangetumia pombe ya miwa. Yeye alikamua miwa alfajiri ile na kuyaacha maji yake matamu bila kuchachuka, kwa ajili ya kanisa. Tulisimama uani. Hakutusalimia, maana salamu haikuwa imefika wakati wake.

Alivuta funda, akalipuliza nje. Matone yalitawanyika juu ya udongo mwekundu.

"Nilikasirika," alisema. "Nilimpakulia msichana huyu chakula kwa mkono wangu akaenda kukitema. Niliona kana kwamba majirani wamerudi, wale waliokataa chai yangu mume wangu alipokufa. Nilisema, hata huyu. Hata huyu ambaye mwanangu amemleta." Akavuta funda la pili, akalipuliza. "Nilisema moyoni asizae. Nilisema hivyo. Nimelitaja ili litoke. Kama limo ndani yangu, litoke na maji haya, liende huko chini lisirudi."

Tuliitikia kwamba na iwe hivyo. Shangazi Mghoi alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya leso. Mama Rachel alipuliza mara moja zaidi, kisha akamnyoshea Wakesho kibuyu.

"Na wewe. Kama unanichukia, kama umesikia habari zangu ukaziamini, itoe hasira yako sasa hapa."

Wakesho alikipokea. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kuona mshipa wa shingo ukipiga. Alivuta funda. Mkono wake wa kushoto ulipanda kooni kama siku ile, na sasa wote walikuwa wakiutazama, naye alijua wanautazama. Alifumba macho. Alisimama hivyo, mashavu yakiwa yamejaa, kwa muda ambao ulimfanya mzee Mwandawiro asogee hatua moja mbele. Kisha akapuliza. Ilikuwa pumzi dhaifu, na maji mengine yalimwagikia nguo yake.

"Sina hasira nanyi," alisema. "Nina hasira na koo langu. Mama, mimi huogopa kumeza."

"Kumeza nini?"

"Chakula. Chochote kigumu. Huona kitanikaba nife. Ni tangu shuleni."

Mama Rachel alimtazama kwa makini. "Unaogopa chakula changu."

"Naogopa cha kila mtu. Naogopa hata changu."

Mzee Mwandawiro ndiye aliyeuliza.

"Hata ugali?"

"Hata ugali, Mzee."

"Na wali wa Krismasi?"

"Huwagawia wenzangu."

"Sasa unaishi na nini, mtoto?"

"Uji. Maziwa. Vitu vilivyopondwa na kuchujwa."

"Kama mtoto mchanga," alisema mzee, na hakuwa anadhihaki. Alikuwa akijaribu kuelewa.

"Ndiyo, Mzee. Na nikiwa peke yangu."

Shangazi Mghoi aliketi chini palepale uani, kwenye udongo uliolowa, na nguo zake nzuri. "Na mimi nilikuwa nakucheka," alisema. "Kila Krismasi. Mbele ya watu."

Mama Rachel bado hakuwa amemaliza. "Mbona hukuniambia siku ile? Ungeninong'oneza jikoni. Ningekupondea."

"Ningekwambiaje, Mama? Mtu mzima anaogopa kumeza. Mngenicheka."

"Tungecheka," alisema mzee Mwandawiro. "Kweli tungecheka. Halafu tungezoea."

Harrison alikwenda akasimama kando ya Wakesho, akakichukua kibuyu kutoka mikononi mwake.

Mama Rachel akatuambia habari ya bibi yake. Bibi huyo alikuwa na saka. Neno hilo wazee wetu walilitumia kwa wanawake walioshikwa na mtetemeko usiozuilika mbele ya kitu ambacho wengine hawakiogopi. Bibi yake alikuwa akianguka kila aliposikia kiberiti kikiwashwa. Hakufukuzwa. Nyumba ile haikuwasha kiberiti mbele yake. Walikwenda kuomba kaa la moto kwa jirani, na alipozidiwa walimchezea ngoma mpaka akatulia. "Nilikuwa mdogo," alisema. "Sikuona ajabu. Nilidhani kila nyumba ina bibi wa namna hiyo."

Sisemi kwamba saka ya bibi yule na hofu ya dada yangu ni kitu kimoja. Sina ujuzi wa kusema hivyo, na ninawaonya wanafunzi wangu wasiharakishe kufananisha. Nilichokiona ni kwamba Mama Rachel alikuwa ametafuta katika kumbukumbu ya nyumba yake mahali pa kumweka Wakesho, na alikuwa amepapata.

Aliinuka, akamshika mkono, safari hii akimtazama. "Hasira yangu imetoka," alisema. "Harusi ifanyike. Lakini uende hospitali. Mimi sina ngoma."

Hospitalini Voi kulikuwa na kliniki ya afya ya akili ambayo Wakesho aliipita kila siku akienda kazini bila kuingia. Aliingia wiki iliyofuata. Mshauri aliyempokea, Bi Valarie, hakumwahidi kupona kabla ya harusi. Alimwambia kwamba hofu ya namna hii huijua kazi yake vizuri, na kwamba wao wawili watajifunza yao polepole, kuanzia kitu laini kabisa mbele ya mtu mmoja tu. Zipo siku Wakesho alitoka humo akiwa na matumaini. Zipo siku alinipigia simu akisema harudi tena. Mwezi wa Julai alidhoofika mpaka Bi Valarie akamshauri aahirishe harusi, naye akakataa, wakabishana, na wote wawili walikuwa na sababu.

Walioana mwezi wa Agosti huko Ronge. Siku ile aligawa chakula mtu mwingine. Keki ilikatwa na maharusi hawakulishana. Mshereheshaji alikuwa ameambiwa mapema, na wageni waliopiga kelele wakitaka walishane walinyamazishwa mmoja baada ya mwingine na mzee Mwandawiro, ambaye alizunguka kwenye meza zao akiwaambia, kwa sauti isiyo ya siri hata kidogo, kwamba bibi harusi haogopi keki yao, anaogopa kila keki, kwa hiyo wale chakula chao na wanyamaze.

Hofu haijaondoka. Wakesho bado hunywa uji shuleni, lakini hunywa katika chumba cha walimu, na ameacha zamu ya mchana kwa wenzake. Katika Meza ya Bwana hupokea divai tu, baada ya kuzungumza na kasisi. Shangazi Mghoi hamchokozi tena. Mimi, nikialikwa mahali, humtazama kila mtu aliye chumbani, hata yule anayenihudumia. Mwezi uliopita, kwa mara ya kwanza tangu kidato cha pili, dada yangu alikula nusu ya kiazi kitamu mbele ya mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa Mama Rachel.